Namba Saba Hataki Kujua

Sigrun Haugli alikuwa amezoea kumeza hofu kabla ya kila mashindano, lakini hofu ya Jumatano ile haikuwa ya mashindano. Alikuwa ameketi mezani kwa wazazi wa mchumba wake, mbele ya sahani ya nyama ya kusaga iliyoviringwa na viazi vya kuchemsha, akisubiri mama mwenye nyumba, Borghild, afungue mdomo. Gazeti la bondeni lilikuwa limekunjwa kando ya bakuli la mchuzi. Kila aliyeketi pale alikuwa amekwisha kulisoma.

"Ongeza viazi," Borghild alimwambia, kwa adabu iliyopita kiasi.

"Ahsante, vimenitosha."

"Kula, binti. Kesho una kilomita thelathini. Au siku hizi unashindana kwa kalamu tu?"

"Mama," Eivind, mchumba wake, alisema.

"Nimesema nini? Nimemwambia mtu ale."

Chini ya meza, mkono wa Eivind uliutafuta mkono wa Sigrun ukaushika. Ulikuwa mkono mpana, wenye makovu madogo ya pasi kwenye vidole, na harufu ya nta ambayo sabuni haikuwahi kuiondoa. Sigrun aliipenda harufu ile tangu siku ya kwanza, miaka sita iliyopita, Eivind alipomkabidhi skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, kwenye mstari wa kuanzia na kumwambia bila kutabasamu, "Hizi zinakwenda zenyewe. Wewe jitahidi usiachwe nyuma." Harusi yao ilikuwa imepangwa Juni, theluji itakapokuwa imekwisha mashambani.

Sasa kila alipoinusa harufu ile, aligeuza uso pembeni.

Majira ya baridi Sigrun alikimbia kwenye skii kwa ajili ya timu ya taifa. Siku nyingine zote alivaa koti jeupe katika maabara ya chuo kikuu, akiandika tasnifu yake ya udaktari wa kemia. Swali lake la utafiti alilitoa katika banda lililokuwa hatua hamsini kutoka meza hii. Unga mweupe ambao mafundi huuyeyusha kwa pasi chini ya skii, ili ziteleze juu ya theluji mbichi kana kwamba hazigusi kitu, huenda wapi unapogeuka moshi? Je, hukaa katika damu ya fundi?

Mafundi saba wa bonde walikubali kutoa damu. Kila mmoja alijaza karatasi yenye visanduku viwili: nataka kuambiwa majibu yangu, au sitaki. Sita walitia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Eivind alitia kwenye cha pili huku akicheka.

"Pua ikianza kuogopa moshi, kazi imekwisha," alisema.

Hakuwa akifanya mzaha tu. Katika banda la Torgeir, baba yake, hakuna aliyevaa barakoa, kwa kuwa nta hupimwa kwa pua. Moshi ukinukia utamu kidogo, pasi imefika. Ukichelewa kwa pumzi mbili nta inaungua, na mashindano yamepotea. Torgeir alifundishwa hivyo na baba yake, enzi walipopika lami ya msonobari na mishumaa. Unga mpya ulipoingia bondeni, hakuna aliyefikiri kwamba pua iliyojifunzia lami haikupaswa kusogezwa karibu nao. Eivind aliinamishwa juu ya moshi ule akiwa na miaka kumi na saba, na alisifiwa kuwa na pua bora kuliko wote.

Chupa za damu zilifika maabara mwezi Januari zikiwa na namba tu, bila majina. Lakini karatasi ya kila namba ilionyesha umri na miaka ya kazi. Namba saba: miaka thelathini na mmoja, kazini miaka kumi na minne. Mafundi wengine wote walikuwa na mvi. Sigrun aliusoma mstari ule, akayasoma majibu, kisha akakaa sakafuni katikati ya mashine zake. Alikaa pale mpaka mwenzake alipoingia kumuuliza kama anaumwa.

Daktari wa utafiti alisema namba saba angepaswa kuuacha moshi mara moja. Lakini namba saba mwenyewe alikuwa amesema hataki kujua, na Sigrun alikuwa ametia saini kwamba hakuna mtu atakayemwambia asipoomba. Alimsihi Eivind avae barakoa, naye alicheka. Alimwomba mara tatu abadili karatasi yake. Mara ya tatu alikasirika. "Unataka nini kwangu, Sigrun, mume au sampuli?"

Borghild hakuweza kungoja zaidi. Alilifungua gazeti, akavaa miwani.

"'Mmoja wa mafundi hao, anayetambulika kama namba saba, ana kemikali hizo katika damu yake mara arobaini zaidi ya mtu wa kawaida.' Mara arobaini! Leo asubuhi dukani Gunnhild ananiuliza mbele ya watu, nimeshika maziwa, 'Ni mzee wako, eti?' Eti! Kwa sauti ya mtu anayekuja kutoa pole msibani."

"Sikutaja jina la mtu, Borghild. Wala gazeti halikutaja."

"Jina la nini, mwanangu? Mafundi wako saba bonde zima. Hata paka wa Gunnhild anaweza kuhesabu mpaka saba."

"Wote walikubali yachapishwe. Waliambiwa."

"Walikukubalia wewe! Wangemkubalia nani mwingine? Walisema huyu ni wetu, anaolewa kwetu, tumpe damu amalize masomo yake." Aliiweka miwani mezani. "Nikuulize. Medali zako zote zimepitia katika moshi wa banda lile, au sivyo? Siku ulipopanda jukwaani ukalia, ulimwuliza nani habari za damu yake?"

"Hakuna niliyemwuliza," Sigrun alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Kwa miaka sita sikumwuliza mtu. Ndiyo maana nimeuliza sasa."

Torgeir aliendelea kukata kiazi chake vipande vidogo kuliko inavyohitajika. Alikuwa mzee mkubwa wa mabega, msemaji wa maneno machache, na tangu walipoketi hakuwa amesema lolote.

Eivind alimgeukia Sigrun, na macho yake, ambayo Sigrun alizoea kuyaona yakicheka hata katika baridi kali, yalikuwa yamejaa woga wa mtoto.

"Ni nani, Sigrun?"

"Siwezi kusema."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

"Namuuliza mchumba wangu, simuulizi mtafiti. Kama ni baba, nina haki ya kujua. Niambie."

Sigrun alimtazama. Alitamani uso wake uweze kusema yale ambayo ulimi ulikatazwa, na wakati huohuo aliogopa kwamba unasema. Aliyainamisha macho.

Uma wa Torgeir ulitua kwenye sahani.

"Mwacheni msichana," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye namba saba."

Borghild alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sigrun aliinua kichwa kwa ghafla, akakutana na macho ya mzee yakimngoja. Namba mbili, alifikiri. Miaka sitini na mitatu. Majibu yako hayafiki hata theluthi ya yale, na barua ya majibu yako unayo. Torgeir alijua kwamba Sigrun anajua. Macho yake yalimwomba asiseme kitu, na Sigrun, ambaye hakuruhusiwa kusema kitu, alinyamaza.

Chini ya meza, mkono wa Eivind uliuachia mkono wake.

Kahawa haikunywewa. Eivind alivaa koti akatoka, naye Sigrun akamfuata kuvuka ua. Jua la mwisho wa Machi lilikuwa bado juu ya misonobari na theluji ilikuwa ikidondoka kutoka paa la banda. Ndani, skii za Sigrun za mashindano zilikuwa zimebanwa juu ya meza ya kazi, tumbo juu, zikiwa na nta ya kawaida tu. Eivind alikuwa amekwisha kuchomeka pasi.

"Ulikuwa unajua," alisema bila kugeuka. "Jumapili ulikaa na baba mkacheza karata. Ukamcheka aliposhindwa. Na ulikuwa unajua."

"Eivind, zima pasi."

"Nijibu."

"Siwezi kukujibu. Sina ruhusa hata ya kusema ndiyo, wala ya kusema siyo."

"Nani anayekunyima ruhusa? Karatasi?"

"Ahadi. Niliwaahidi watu saba. Nikiivunja kwa mmoja, nimeivunja kwa wote, na hakuna fundi atakayenipa tena hata tone la damu. Na hao wanaendelea kuuvuta moshi huo kila siku."

Eivind alicheka kicheko kikavu. "Unaongea vizuri. Unaongea kama gazeti." Alichukua kopo la unga kwenye rafu, akaligonga kwa kidole ili uliogandamana ushuke. "Kesho ni nyuzi sifuri na theluji mbichi. Bila hii utanata njiani kama uji kwenye sufuria. Kwa hiyo nitakufanyia skii zako, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, na mambo mengine tutayaongea baadaye."

"Sitakimbia na unga."

Mkono wake ulisimama hewani. "Umesemaje?"

"Kesho nitakimbia na skii hizi zilivyo."

"Mashindano ya taifa? Kocha anachagua timu kesho, Sigrun! Wenzako wote watakuwa na unga, nawe utakwenda kama umevaa magunia miguuni?"

"Nitakwenda hivyohivyo."

Aliliweka kopo chini polepole. Alipoongea tena, hasira ilikuwa imeondoka na kilichobaki kilimuumiza Sigrun zaidi.

"Umechukua damu ya baba yangu. Sasa unaikataa mikono yangu."

"Siikatai mikono yako. Naukataa moshi."

"Mikono yangu na moshi ni kitu kimoja! Miaka sita, bado hulijui hilo? Mimi sina koti jeupe. Sina cheti ukutani. Nina pua hii na pasi hii, na siku unaposhinda najua nami nimefanya kitu duniani."

Sigrun alitaka kumkumbatia. Alitaka kumwambia kwamba katika kila ushindi wake, kwenye ule mteremko wa mwisho, alikuwa akisikia skii zikiimba chini yake na kufikiri: huyu ni Eivind. Lakini pasi ilikuwa imeanza kunukia joto, naye Eivind, bila kufikiri, alikuwa ameinamisha kichwa kuinusa.

"Badili karatasi yako," Sigrun alisema. Machozi yalimtoka sasa, na hakuyafuta. "Nakuomba mara ya nne. Mpigie daktari, useme unataka kuambiwa. Ukitaka nipige magoti hapa kwenye vumbi la nta, nitapiga."

"Karatasi, karatasi! Unaning'ang'ania nini?" Alitupa mikono. "Namba saba amekwisha kupatikana. Yuko jikoni, mama anamlilia. Mimi niko salama, si umeona? Mimi na utafiti wako tumemalizana."

Maneno yale, "mimi niko salama," yalimchoma Sigrun mpaka ndani. Sasa aliona ubaya wote wa uongo wa mzee. Kabla ya chakula Eivind alikuwa na shaka kidogo, na shaka ile ingeweza siku moja kumfikisha kwa daktari. Sasa hata shaka ameondolewa.

Alifungua vibanio akazinyanyua skii zake mezani.

"Ukitoka na skii hizo, Sigrun," Eivind alisema, "toka na habari za Juni pia."

Sigrun alisimama mlangoni, akitumaini Eivind angeyarudisha maneno yale. Hakuyarudisha. Akatoka.

Torgeir alikuwa uani na koleo, akisogeza theluji ambayo haikumzuia mtu. Sigrun alizilaza skii juu ya gari, akamwendea.

"Umesema uongo, Torgeir."

"Nimesema."

"Kwa nini?"

Mzee alichoma koleo thelujini na kuuegemea mpini wake. "Sisi sita tumekwisha kuambiana majibu yetu, kwenye kahawa kule dukani. Tulicheka, unajua. Tulishindana nani ana kidogo. Kisha leo nikalisoma gazeti, nikahesabu, nikabaki na mmoja." Alikohoa. "Mimi ndiye niliyemwinamisha juu ya pasi. Nilimshika kisogo, hivi, nikamwambia nusa, nusa tena, sogea karibu. Aliponusa vizuri nikajisifu kwa majirani. Nilitaka apate walau jioni moja zaidi ya kutojua."

"Ameipata. Yuko ndani sasa hivi, na pasi inawaka."

Mzee alipangusa theluji kwenye mpini wa koleo.

"Mimi mdomo wangu umefungwa," Sigrun alisema. "Nimeufunga mwenyewe, kwa saini yangu, na nimempoteza kwa sababu hiyo. Wako haujafungwa na mtu. Mwambie tu kwamba wewe si namba saba. Hilo ni lako kulisema. Mengine ataamua mwenyewe kama anataka kuyajua." Kisha neno ambalo hakuwahi kumwita lilimtoka bila kulitafuta. "Nakuomba, baba."

Torgeir alilitazama banda lake. Juu ya bomba, moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka. Aliliacha koleo limesimama, akavuka ua kwa hatua nzito za mtu aliyebeba mzigo mkubwa, akaingia na kuufunga mlango nyuma yake.

Sigrun hakusikia neno. Kupitia kioo chenye ukungu aliona mgongo wa Eivind, na mbele yake mzee aliyevua kofia. Mgongo ule haukugeuka. Aliingia garini akaondoka, kwa sababu lililokuwa likisemwa mle halikuwa lake.

Kesho yake theluji ilikuwa mbichi kama Eivind alivyotabiri. Tangu kilomita ya tano skii za Sigrun zilinata. Wasichana aliowashinda majira yote walimpita kwenye miteremko, wamesimama wima, wamepumzisha mikono, huku yeye akisukuma kama anayepanda mlima. Alimaliza wa thelathini na moja. Kocha aliangalia daftari lake badala ya kumwangalia yeye.

Nyuma ya kamba za watazamaji alisimama Torgeir, peke yake.

"Eivind ameondoka saa moja asubuhi," alisema. "Amekwenda mjini kwa daktari. Amepiga simu kuomba aambiwe."

"Amesema nini juu yangu?"

"Aliuliza umejua tangu lini. Nilimwambia sijui. Basi hakusema tena."

Sigrun aliendesha gari akiwa bado amevaa namba ya mashindano kifuani. Alimkuta Eivind katika ukumbi wa kusubiri wa kliniki, ameketi kando ya ukuta, na bahasha iliyofunguliwa magotini. Alikuwa amenyoa ndevu, kana kwamba alikuja kwenye jambo la heshima. Sigrun aliketi, akaacha kiti kimoja kitupu kati yao.

"Umekuwa wa ngapi?" Eivind aliuliza bila kumtazama.

"Wa thelathini na moja."

"Skii zilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, kisha ikatulia. Muuguzi alipita akisukuma kitoroli, nao wakasubiri apite.

"Daktari anasema nisiingie tena bandani. Hata kuchukua zana." Aliikunja bahasha, akaikunjua. "Nina miaka thelathini na mmoja, Sigrun. Sijui kufanya kitu kingine."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

Sigrun angeweza kuupunguza muda. Wiki mbili zilizopita, mwezi mmoja. Eivind angependa kuamini.

"Januari."

"Januari." Alihesabu kwa vidole vyake vyenye makovu, kama fundi anayehesabu jozi za skii. "Mwezi wote wa Februari nilikuwa nikifanya jozi ishirini kwa siku. Ulikuwa ukiniletea chakula. Ulikuwa ukisimama mlangoni ukiniangalia."

"Ndiyo."

"Ukinitazama navuta."

"Kila siku, Eivind. Nilirudi nyumbani nikatapika, kisha kesho yake nikaja tena. Niliomba uniulize. Mara moja tu ungeniambia nataka kujua, ningekukimbiza hapa miguu mitupu."

"Na nisingekuuliza?"

Jibu la hilo Sigrun alikuwa amelitafuta miezi miwili, katika maabara na katika mbio, kitandani kando ya pumzi za Eivind.

"Sina jibu."

Eivind alifunika macho kwa kiganja, na mabega yake yakaanza kutetemeka bila sauti. Sigrun aliunyoosha mkono juu ya kile kiti kitupu, akausimamisha hapo, hakuthubutu kumgusa.

"Sijui kama nitaweza kukusamehe," alisema nyuma ya kiganja. "Nakuambia ukweli. Sijui."

"Nimesikia."

"Usiniambie maneno mazuri."

"Sitakuambia."

Saa ya ukutani ilikwenda. Mtu mmoja aliitwa ndani, na mwingine. Eivind aliushusha mkono wake usoni, ukiwa umelowa, akauweka juu ya kile kiti karibu na mkono wa Sigrun, bila kuugusa.

"Lakini usiondoke," alisema.